Maji Yaliyojaa kwa Clementi

Mahabusu, Musoma
6 Agosti 2023

Mama Nyangi,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Yako naijua na yangu unaijua, kwa hiyo tusimalize karatasi bure. Kalamu hii ni ya Rafaeli, mwenzangu wa humu ndani, na ananitazama kana kwamba nitaondoka nayo. Barua ataichukua mdogo wangu Hezron akija kunitembelea, maana yeye yuko hapa hapa mjini, Nyasho, na kila Jumapili anapita. Askari wanazisoma kwanza. Wasome tu, mimi sina la kuficha.

Siku ile wewe ulikuwa umempeleka mtoto kliniki, kwa hiyo nikueleze mwenyewe kabla watu wa Buswahili hawajakulisha maneno. Mpunga wetu ulikuwa ndio unaanza kutoa mashuke, na ardhi imepasuka mpaka mguu unaingia kwenye ufa. Nikasema nipande na mfereji nione maji yanaishia wapi. Kufika kwenye kona ya Clementi nikakuta mfereji umejaa mpaka mdomoni. Maji yanamwagikia kwenye majaruba yake, bata wanaogelea, na huku kwetu mkiani hata chura hana pa kulowesha mgongo. Yeye mwenyewe yumo ndani ya maji, kanipa mgongo, kainama, mikono yote miwili iko chini, anahangaika na kitu. Sasa niambie, mfereji umejaa kwa mtu na kwa jirani yake ni mkavu, na mtu huyo kainama hivyo, anafanya nini? Anapanga mifuko ya mchanga ili maji yasishuke. Hata Nyangi angejua, na bado ananyonya.

Sikuuliza. Nilikuwa na mpini wa jembe, nikampiga nao mara moja. Basi.

Nasikia amelazwa na sitaki habari zake. Ninachotaka ni ile mifuko. Waambie wanaume waingie pale konani waitoe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, ili nikisimama kwa hakimu ijulikane kwamba nilimpiga mwizi. Kumpiga mwizi ni kosa, sikatai, ila mtu mzima yeyote anaelewa.

Niambie na mpunga unaendeleaje.

Mumeo,
Boniphace


Buswahili
13 Agosti 2023

Baba Nyangi,

Mimi karatasi ninazo, kwa hiyo nitauliza. Unalala? Unakula? Kile kikohozi kimepona? Umejaza ukurasa mzima kwa mifuko, mpunga ukaupa mstari mmoja, na mtoto ukamtaja kwa mzaha tu. Mtoto ni mzima. Ameota meno mawili ya juu na anang'ata kila anayemkaribia, amemrithi baba yake.

Mpunga umetoa mashuke ukaishia hapo. Ukiyapapasa hayana kitu ndani. Nimeanza kuwakatia ng'ombe upande wa chini, ule ulio mbali zaidi, ili angalau wao wale. Usiniulize nimeamua na nani, kwa kuwa hakuna wa kuamua naye.

Kuhusu mifuko, wanaume waliingia pale konani baada ya wewe kuchukuliwa, na mimi niliingia nao. Maji yanayonifikaga magotini yalinifika kiunoni. Tulipapasa kwa miguu toka ukingo mpaka ukingo. Mifuko haikuonekana siku ile. Nitakuandikia.

Umesema hutaki habari za Clementi, basi nitakupa kidogo. Mfupa wa kichwa umepasuka kwa nyuma. Wamempeleka Bunda kwa sababu ndugu za mkewe wako kule. Mkono wa kulia haunyanyuki. Anaongea, lakini leo maneno mawili, kesho moja, na mengine hayaeleweki. Nilikwenda kumwona. Mkewe Agness alinipa kiti, akanikaribisha chai. Ningeona nafuu kama angenitukana.

Mkeo,
Wegesa


Mahabusu, Musoma
27 Agosti 2023

Mama Nyangi,

Kwa hiyo mimi nalala na chawa na wewe unakwenda Bunda kunywa chai kwa mwizi. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Nimeichana barua yako, halafu nikaiokota.

Kuna jambo hukuniambia. Hezron anasema alikuja bwana umwagiliaji kutoka wilayani, anaitwa Stanislausi, akapima maji kwa chombo kuanzia banioni, maji yanakoingilia mfereji, mpaka kwetu. Mbona ulinyamaza? Huyo ndiye mtu ninayemtaka! Atakuwa ameona kwa macho yake jinsi maji yalivyojaa kwa Clementi na kukauka kwangu. Muombe aje mahakamani. Mtaalamu akisema, hakimu atabisha na nani?

Nimekuwa nikifikiri, maana humu hakuna kingine cha kufanya. Unakumbuka mama alipofariki mwezi wa nne. Mwaka huu zamu ya kuita risaga ilikuwa ya nyumba yetu, sisi tupike togwa, watu waje na fyekeo na mundu, mfereji usafishwe kwa siku moja kama kila mwaka. Nyumba yenye matanga haiiti risaga, na mfereji wetu hauingizwi chuma mpaka mwenye zamu aite. Nilikuwa nangoja dada zangu waje tumalize matanga kwa heshima. Akaja Clementi, udongo wa kaburi bado mbichi. Akasema, "Jirani, mwaka huu nikuitie watu mimi. Mfereji hauwezagi kungoja." Nikamjibu, "Mama yangu hajaoza, unataka kurithi zamu yake?" Akaondoka, na hakuna mwingine aliyethubutu kulitaja jambo lile. Nilijua siku ile ile. Alitaka mfereji uwe mkononi mwake. Aliponyimwa mchana akauchukua kwa mlango wa nyuma.

Andika hayo kwa mtu wa serikali za mitaa, yatanisaidia. Na usiende tena Bunda.

Mumeo,
Boniphace


Buswahili
10 Septemba 2023

Baba Nyangi,

Nilikwenda tena Bunda. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma, na kama Rafaeli yupo karibu mwambie asiondoke.

Mifuko haipo na haikuwahi kuwepo. Nililijua hilo toka siku ile niliyoingia majini, nikakuficha. Nilisema moyoni, mtu aliyefungwa akiwa na hasira anakula, ikimtoka hasira hali. Nilitaka ule. Lakini sasa unataka kumwita Stanislausi asimame mbele ya hakimu, na siwezi kukuacha uingie shimoni ukidhani ni mlangoni kwako.

Tulichokikuta pale konani ni nyasi. Si zile za ukingoni unazoziona, ni za chini ya maji, ndefu kuliko mimi, zimelala kuelekea mkondo unakokwenda na zimesongamana mpaka mguu haushuki. Zilianzia kwa Clementi zikafika karibu na daraja la miti. Ukiwa juu huzioni, unaona maji tu yametulia.

Stanislausi alirusha gunzi la hindi juu ya maji, akatuambia tulitazame. Lilikwenda taratibu, likizungukazunguka. Akasema hapo juu ya nyasi maji bado yanatembea kidogo, lakini humo katikati ya majani yamelala kabisa. Na pale yanayotembea yanapogusana na yaliyolala, yanajikunja na kupigana yenyewe kwa yenyewe, na nguvu yao inaishia humo. Nikamuuliza, sasa mbona yamejaa? Akasema yanayotoka banioni hayaachi kuja, ila kupita hayawezi, kwa hiyo yanapanda. Sehemu yenye nyasi ndiyo inayoonekana ina maji mengi, na chini yake watu wanakauka. Kule kujaa ndio ugonjwa wenyewe. Alisema ameona mifereji mingine watu wakishikiana mapanga kwa sababu hiyo hiyo.

Majaruba ya Clementi uliyoyaona yamejaa, yalikuwa yanazama. Mpunga wake umeoza mizizi. Wale bata hawakuwa wake, walikuja wenyewe kama wanavyokwenda bwawani. Mwaka huu hakuvuna yeye, hukuvuna wewe.

Na lile alilokuwa analifanya akiwa ameinama, Agness amenieleza. Alikuwa anang'oa nyasi. Kila jioni aliingia pale akang'oa kwa mikono. Kwa mikono, Baba Nyangi, kwa sababu chuma hakiingii mpaka mwenye zamu aite, na mwenye zamu ni wewe. Hakutaka kukudharau mara ya pili. Hakumwambia mtu, maana ungesikia ungesema anakusema vibaya kwamba umeshindwa zamu yako. Alidhani akiondoa angalau njia nyembamba katikati, maji yatakufikia kabla mpunga haujafa.

Nimeita risaga mwenyewe. Dada zako niliwapigia simu nikawaambia matanga yamekwisha, waje au wasije. Mmoja ameniita jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Nilipika togwa, watu wakaja, na ndugu za Clementi wakaja wakafyeka bila kunitazama usoni. Pale konani maji yalishuka mpaka ukingo ukabaki na mstari wa tope mahali yalipokuwa yamesimama. Mchana yalifika kwetu. Yaliingia jaruba la kwanza, la pili, yakakuta makapi. Nilikaa ukingoni nikalia sana, na si kwa ajili ya mpunga.

Clementi hakukuibia. Naliandika hili kwa uwazi ili usitafute pa kulipitia. Stanislausi nimemwambia asubiri, akiitwa atakuja, lakini hatasema unalotaka.

Homa imemshika mgonjwa tangu wiki iliyopita. Ombeni huko mliko.

Mkeo,
Wegesa


Mahabusu, Musoma
1 Oktoba 2023

Mama Nyangi,

Nimekawia kukujibu. Kalamu niliiomba mara nyingi, nikairudisha bila kuandika. Rafaeli alidhani nimefiwa, akawaambia wengine wasinipigie kelele.

Nilikuwa na kitu kimoja tu humu ndani, nacho ni kwamba niliibiwa. Nililala juu yake kama godoro. Umekitoa, na ulifanya sawa kukitoa, ila sasa sina pa kulala. Mchana naona mgongo wake. Shati lake lilikuwa limelowa mpaka mabegani. Mtu anayepanga mifuko ya mchanga halowi mpaka mabegani. Mimi nimezaliwa kwenye mfereji ule, kwa nini sikuliona hilo? Ningeita jina lake tu, "Clementi, unafanya nini hapo?" Angenijibu.

Wazee wanasema hasira hasara, na mimi nilikuwaga nawaambia vijana hivyo hivyo.

Kesi inatajwa tena tarehe kumi na sita. Nimeamua nitasema yote kama yalivyo, hakuna wa kunishauri vinginevyo. Wanifunge miaka wanayotaka. Sikuombi unitafutie wakili wala huruma ya mtu. Nakuomba jambo moja. Clementi anaongea, hata kama ni neno moja kwa siku. Amesema nini juu yangu? Kama amenilaani, nataka kuijua laana hiyo. Kama amenisamehe, vilevile. Nikilipata neno lake nitaweza kukaa popote watakaponiweka. Bila hilo siwezi, Wegesa, nakuambia ukweli, siwezi.

Ndani ya barua hii nimeweka nyingine, ya kwake. Nenda Bunda ukamsomee. Sasa ndio nakutuma mimi.

Mumeo,
Boniphace


Mahabusu, Musoma
1 Oktoba 2023

Clementi, jirani yangu,

Askari ataisoma hii kabla yako na anaweza kuipeleka kwa hakimu. Aipeleke.

Ni mimi niliyekupiga. Nilikuja kwa nyuma, sikukuita, sikukuuliza. Niliona maji yamejaa kwako nikasema umeniibia. Sasa nimeambiwa ulikuwa unafanya nini pale na kwa ajili ya nani.

Ulipokuja msibani kwangu kuniomba zamu, ulikuja kama ndugu nami nikakufukuza kama mbwa. Kiburi changu ndicho kilichoota mle mferejini, nyasi zilifuata tu.

Sina cha kukulipa. Mkono wako sitaurudisha. Nikitoka, kama nitatoka, nitalima shamba lako kabla ya langu, na nikifa kabla, Wegesa anajua. Wazee wa nyumba yangu watakuja kwa wazee wako na kila kinachotakiwa.

Naomba unisamehe. Kama huwezi, sema huwezi, lakini sema. Mwambie Wegesa neno moja aniletee, lolote lile.

Boniphace


Buswahili
8 Oktoba 2023

Baba Nyangi,

Barua ya Clementi nimemsomea. Niliisoma yote, polepole, hata yale maneno uliyoyakata nikayasoma. Agness alikuwepo. Ilikuwa asubuhi, upepo mwingi, karatasi ikataka kunitoka mkononi.

Hakunijibu. Usiningojee jibu lake, mume wangu. Yashike yale ya kwako uliyoyasema, ni mazuri, na nilipoyasoma nilikuona tena yule niliyeolewa naye.

Hilo uliloamua kusema kwa hakimu, liseme. Sitakuwa na aibu kukaa pale nyuma nikikusikiliza.

Nimempeleka ng'ombe mweusi kwa kaka yangu. Nyangi anasimama kwa kushika ukuta. Hezron anasema umekonda, na kwamba hukumuuliza chochote alipokuja mara ya mwisho, ukawa unamtazama tu. Nakuomba ule. Nakuomba pia umwambie Rafaeli akae nawe karibu siku hizi, usiku hasa, na usimwulize kwa nini nimesema hivyo.

Mkeo,
Wegesa


Bunda
12 Oktoba 2023

Shemeji Boniphace,

Hujazoea kupata barua kutoka kwangu na mimi sijazoea kuandika. Hii ameichukua mdogo wako Hezron, naye hajui kilichomo.

Clementi alifariki tarehe ishirini na nane Septemba. Tulimzika Buswahili, shambani kwetu, halafu nikarudi hapa kwa ndugu zangu. Barua yako Wegesa aliisomea kaburini. Aliniomba mimi na Hezron tunyamaze mpaka siku ya kesi, anaogopa utajidhuru. Nilikubali mbele yake kwa sababu alikuwa analia. Nimekaa nikafikiri, nikaona siwezi kukubali. Shtaka lako litabadilika, polisi wameshachukua maelezo yangu. Sitaki ulisikie kwa karani wa mahakama kabla hujalisikia kwangu mimi mwenye mume.

Uliuliza amesema nini juu yako. Nitakuambia, ila sikuambii ili upoe.

Hakujua kwamba ni wewe. Ulimpigia nyuma akiwa ameinama, hakuona mtu. Alipozinduka alidhani ameteleza kwenye zile nyasi akagonga kichwa ukingoni. Nilikataza watu wasimwambie. Mwanzoni nilifanya hivyo kwa sababu ya ugonjwa wake. Baadaye ilikuwa kwa sababu ya maneno yake, maana maneno machache aliyobakiza karibu yote yalikuwa juu yako.

Alikuwa anasema, "Mwite Boniphace." Nikimuuliza wa nini, ananiambia, "Ana nguvu. Akijaga yeye, kona tunaimaliza." Siku nyingine aliuliza kama matanga ya mama yako yamekwisha, maana yakiisha utaita watu. Kila mwanamume aliyeingia wodini alimgeukia akidhani ni wewe. Wegesa alipokuja mara ya pili, Clementi alitazama mlangoni nyuma yake, akaniuliza mumewe amebaki wapi. Mkeo alitoka nje, na hilo najua hakukuandikia. Nilimwambia Clementi kwamba uko njiani unakuja. Nilimdanganya hivyo mpaka homa ikamchukua, naye akaniamini, na hasira yangu kwako inaanzia hapo hasa kuliko kwenye ule mpini.

Kwa hiyo hakukulaani, shemeji, na hakukusamehe. Alikufa anakungoja uje umsaidie. Anayejua ulichofanya ni mimi, na mimi sijakusamehe.

Usiniandikie.

Agness